Moshi wa Kondele: jinsi ya kutafiti madhara ya moshi wa magari kwa afya

Simama chini ya daraja la Kondele, hapa Kisumu, saa kumi na mbili jioni, matatu za Kakamega zikigombania abiria, boda zimejaa mpaka mlangoni mwa maduka, na lori moja linajikokota katikati yao wote. Huhitaji mashine ikwambie hewa ni chafu. Koo limeshakwambia. Shida ni kwamba koo halikubaliki kama ushahidi kwenye kikao cha bajeti ya kaunti. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo, mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu wa sayansi au kikundi cha vijana kinachotaka kutoka kwenye "moshi unatumaliza" na kufika kwenye namba zisizoporomoka kwa swali la kwanza. Nimekusanya data Kisumu kwa miaka kadhaa, na makosa mengi nitakayoyataja hapa niliyafanya kwa mikono yangu.

Hatua ya 1: Punguza swali

"Madhara ya moshi wa magari Kisumu" hilo si swali, ni jina la idara. Swali linalofanyiwa kazi lina watu fulani, kipimo cha moshi, kipimo cha afya, na wa kulinganishwa nao. Kwa mfano: je, wanafunzi wa shule zilizo ndani ya mita 100 kutoka barabara ya Kakamega hupata kifua kubana kuliko wa shule zilizo zaidi ya mita 500? Au: je, siku ambazo hewa ni chafu hufuatwa na wagonjwa wengi wa pumu kwenye zahanati?

Ninalolipenda mimi ni hili: je, pumzi za mwendesha boda hupungua jioni ya siku ya kazi kuliko jioni ya siku ya mapumziko? Linapendeza kwa sababu mtu analinganishwa na nafsi yake. Umri wake, urefu wake, sigara zake na jiko la mkewe ni vilevile siku zote mbili. Na huku kwetu kuna zawadi ambayo mtafiti wa mbali hawezi kuiona: baadhi ya waendesha boda ni Waadventista, hawafanyi kazi Jumamosi, siku ambayo mji umechangamka kama kawaida. Mwenzake wa kanisa jingine anapumzika Jumapili. Kwa hiyo unapata watu wa steji moja wanaotoka barabarani kwa siku tofauti, na unaweza kutenganisha "leo hewa ilikuwa nzuri" na "leo mimi sikuwa barabarani". Ila usidhani Jumapili ni kimya kila mahali. Kibuye siku hiyo ndiyo soko lenyewe.

Hatua ya 2: Jua kilichokwisha kujulikana

Wiki mbili za kusoma zitakuokolea miezi. Mambo machache ya kuanzia nayo.

Chembechembe laini, zinazoandikwa PM2.5, zina upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Pua na koo haviwezi kuzizuia zote. Zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na ndogo zaidi huweza kuingia kwenye damu. Ndiyo maana orodha ya madhara haikomei kwenye kikohozi: ina shambulio la moyo, kiharusi, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo.

Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kusini mwa California watafiti walifuatilia watoto wa shule kwa miaka mingi na kuona mapafu ya wale waliokua karibu na barabara kuu yalikomaa madogo zaidi. Na kule London, msichana wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu Februari 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliandika kuwa uchafuzi wa hewa ulichangia. Ilichukua miaka karibu 8, na ilihitaji mtu aliyeunganisha tarehe za kulazwa kwake na rekodi za vituo vya kupima hewa vya jirani. Bila rekodi hizo kesi hiyo isingesimama. Jiulize ni vituo vingapi vya aina hiyo unavyovijua katika mtaa wako.

Wazee watakuuliza kuhusu risasi kwenye petroli. Hiyo iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na Afrika Mashariki ilianza dizeli yenye salfa kidogo Januari 2015. Kwa hiyo usinakili matokeo ya miaka ya 1990 ukadhani ni moshi uleule.

Hatua ya 3: Vibali, kabla hujamuuliza mtu yeyote chochote

Mpangilio ni huu: pendekezo linaenda kwenye kamati ya maadili iliyosajiliwa (Chuo Kikuu cha Maseno wanayo, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga wanayo), kisha leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti), kisha idara ya afya ya kaunti, na idara ya elimu kama unaingia shuleni. Halafu chifu na wazee wa nyumba kumi. Watu huruka hatua hiyo ya mwisho kwa sababu haina fomu. Utakapopanda ngazi kufunga kisanduku chenye taa nyekundu kwenye nguzo, utajua kwa nini nilikwambia umwone chifu.

Mtoto anahitaji ridhaa ya mzazi na kukubali kwake mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti: weka majina kwenye daftari moja, majibu kwenye jingine, namba ya siri ikiyaunganisha, na daftari la majina lifungiwe.

Hatua ya 4: Amua unapima moshi gani

Hapa ndipo tafiti nyingi za mji wetu huzama. Kila mtu hukimbilia PM2.5 kwa sababu vihisi vyake, yaani vifaa vidogo vya kuipima, ni vya bei nafuu. Lakini PM2.5 haina kabila. Inatoka kwenye eksozi, kwenye jiko la makaa, kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, kwenye kuni za wakaanga samaki, na msimu wa kuvuna, kwenye mashamba ya miwa ya Miwani, Chemelil na Muhoroni yanapochomwa kabla ya kukatwa. Ukipima PM2.5 mtaani Nyalenda saa moja usiku, huenda unapima ugali.

Gesi ya nitrojeni dioksidi, NO2, ni shahidi bora wa magari, kwa sababu hutokana zaidi na injini, hasa za dizeli. Na kuna njia rahisi ya kuipima isiyohitaji stima wala intaneti: kijibomba cha plastiki chenye urefu wa kidole, ndani yake wavu uliopakwa kemikali inayonasa gesi hiyo. Unakifunga kwenye nguzo, mdomo ukiangalia chini, mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, unakiacha wiki 2 hadi 4, unakifunika na kukipeleka maabara. Kina udhaifu: kinakupa wastani wa wiki zote hizo, si saa ya msongamano. Lakini kwa swali la shule za karibu na za mbali, wastani ndio unaoutaka.

Bajeti ikiruhusu, tumia vyote viwili. Vijibomba vingi vya NO2 kukuonyesha magari yanaathiri wapi, vihisi vichache vya PM2.5 kukuonyesha ni saa ngapi.

Hatua ya 5: Kufunga vifaa

Moshi wa barabarani hupungua haraka unapoondoka barabarani. Kwenye mita 300 hadi 500 sehemu kubwa ya ziada yake imeshachanganyika na hewa ya kawaida ya mji. Kwa hiyo panga vifaa kwa mstari unaoiacha barabara: mita 10, 50, 150, 300. Weka pande zote mbili za barabara. Kisumu mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Upande mmoja wa barabara unakula moshi wa mchana, ule mwingine wa usiku. Aliyeweka kifaa upande wa ziwa pekee atatangaza kuwa barabara ni safi.

Kabla ya kuvisambaza, weka vihisi vyote pamoja mahali pamoja kwa wiki nzima. Vitatofautiana, hata vile vya boksi moja. Andika tofauti hiyo, uirekebishe kwenye hesabu, na urudie zoezi mwisho wa utafiti, maana vumbi hukichosha kihisi. Vihisi vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga wa leza, na alfajiri unyevunyevu wa ziwa ukipanda chembe huvimba kwa maji, kihisi kikasema hewa ni mbaya kuliko ilivyo. Rekodi unyevunyevu pamoja na PM2.5, la sivyo utagundua "kilele cha saa kumi na moja alfajiri" ambacho ni umande.

Sasa hadithi ya aibu. Kihisi chetu cha steji kilikuwa kinapanda kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, kikashuka saa mbili usiku. Mchoro ulikuwa mzuri mno, mlima uliokaa sawasawa na saa za watu kurudi nyumbani. Tulishaanza kuandika aya ya matokeo. Siku moja nikaenda kubadilisha betri jioni badala ya asubuhi, nikakuta mama mmoja ameweka jiko lake la mahindi choma chini ya nguzo ileile, anapepea kwa kipande cha katoni, moshi unapanda moja kwa moja mpaka kwenye kisanduku. "Hicho kitu chenu nilidhani ni kamera," akaniambia, akanikatia hindi. Wiki tatu za data. Tangu hapo, kila kifaa hutembelewa saa tatu tofauti za siku kabla ya kuanza kuhesabiwa, na ndani ya mita 20 tunaandika kila jiko, kila pipa la taka, kila jenereta.

Hatua ya 6: Hesabu magari, na kubalianeni kuhusu saa

Dakika 15 za kila saa, watu wawili, karatasi yenye safu za boda, tuktuk, gari dogo, matatu, basi, lori. Vijiti vinne na cha tano kuvikata. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo itakayokuwezesha kusema ni lori au ni boda. Pale Nakuru, ambako barabara kuu ya kwenda Eldoret na Malaba inapita mjini, lori zihesabiwe peke yake kwa uangalifu: gari moja zito la dizeli lililochoka linaweza kutoa masizi kuliko msururu wa magari madogo.

Kuhusu saa: msaidizi mmoja aliandika "1" akimaanisha saa moja asubuhi. Mwenzake aliandika "7" kwa saa hiyohiyo. Kihisi kilikuwa kinahifadhi saa ya kimataifa, kwa hiyo kikaandika 04:00. Namba tatu, wakati mmoja, na hakuna aliyekosea. Chagueni mfumo mmoja, saa 24 kwa majira ya Afrika Mashariki, uandikwe juu ya kila fomu, na faili la kihisi liongezwe saa 3 kabla mtu hajachora chochote.

Hatua ya 7: Pima afya

Kwa waendesha boda, kipima-pumzi cha plastiki, kinachoonyesha kasi ya hewa mtu anayopuliza, kinatosha. Mtu anasimama wima, anavuta pumzi mpaka mwisho, anabana midomo kwenye bomba, anapuliza mara moja kwa nguvu zote. Mara tatu, unaandika iliyo kubwa zaidi. Wengi mara ya kwanza hupuliza kama wanaopuliza uji. Waonyeshe wewe kwanza. Pumzi za mtu hupungua zenyewe asubuhi na kupanda mchana, hivyo linganisha jioni na jioni. Kila mtu awe na mdomo wake wa bomba.

Kwa watoto, maswali ya ISAAC, mradi wa kimataifa wa kutafiti pumu na mzio kwa watoto, yametumika nchi nyingi tangu miaka ya 1990, na yanauliza dalili, si jina la ugonjwa. Hilo ni muhimu. Ukiuliza "mtoto ana pumu?" mzazi atakataa, ama kwa sababu hajawahi kuambiwa, ama kwa sababu neno hilo linamtisha. Uliza: "Katika miezi 12 iliyopita, kifua chake kimewahi kutoa sauti kama ya mluzi anapopumua?" Itoe sauti hiyo kwa mdomo wako. Mama mmoja Manyatta aliyekuwa amejibu "hapana" kwa kila kitu aliisikia sauti hiyo akasema, "Ah, hiyo ya usiku? Hiyo ni kila wiki." Kama hojaji itaulizwa kwa Dholuo au Luhya, mtu mmoja aitafsiri, mwingine asiyeiona ya kwanza airudishe kwa Kiswahili, halafu mlinganishe.

Idadi ya watu: 384 inanukuliwa kwenye pendekezo karibu kila chuo kama aya ya Biblia. Inatoka kwenye hesabu ya kukadiria asilimia ya kundi moja, ukidhani ni 50 na ukikubali kukosea kwa asilimia 5. Wewe unalinganisha makundi mawili. Kama unatarajia dalili kwa asilimia 10 ya watoto wa mbali na 20 ya wa karibu, unahitaji karibu 200 kila upande. Kama ni 10 kwa 15, unahitaji karibu 690 kila upande. Na watoto wa shule moja hufanana, kwa hiyo ongeza tena. Shule nyingi zenye watoto wachache kila moja ni bora kuliko shule mbili kubwa.

Hatua ya 8: Wavurugaji

Wavurugaji ni mambo mengine yanayoweza kuleta dalili zilezile, ukadhani ni moshi wa barabara. Nyumba zilizo kando ya barabara si sawa na za mbali. Pengine kodi ni nafuu, vyumba vimebanana, jiko liko ndani. Uliza: mnapikia nini, ndani au nje, dirisha liko wapi, nani anavuta sigara, mtoto amelala na wangapi, alizaliwa kabla ya miezi 9? Usiulize "mnatumia gesi?" Wengi watasema ndiyo, na ni kweli, kwa chai. Uliza jana maharagwe yaliivia wapi.

Hatua ya 9: Kama utatumia rekodi za hospitali

Muhtasari wa wagonjwa wa nje wa kila mwezi unaingia kwenye KHIS, mfumo wa taarifa za afya wa Kenya, fomu ya MOH 705A kwa walio chini ya miaka 5 na 705B kwa waliozidi. Afisa wa rekodi wa kaunti ndiye wa kuonana naye. Lakini muhtasari wa mwezi hauonyeshi siku. Kwa siku itabidi ufungue daftari lenyewe la zahanati, ukurasa kwa ukurasa, na mwandiko wake.

Namba zikishuka ghafla usishangilie. Mgomo wa madaktari wa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, ule wa wauguzi baadaye mwaka huohuo, na hofu ya Korona mwaka 2020, vyote viliwaondoa wagonjwa kwenye madaftari bila kuwaponya. Tena mvua za Machi hadi Mei husafisha hewa na wakati huohuo huleta mafua, kwa hiyo ukichora mwaka mzima utaona uchafu ukipungua na wagonjwa wakiongezeka, kana kwamba moshi ni dawa. Njia ya kutoka hapo: chukua siku mgonjwa alipokuja, uilinganishe na siku za jina lilelile ndani ya mwezi uleule. Jumanne aliyokuja na Jumanne nyingine za mwezi huo. Msimu umeshaondoka kwenye hesabu.

Hatua ya 10: Chambua na uandike kwa kiasi

Chora kabla ya kukokotoa. Programu ya R haina malipo. Toa tofauti pamoja na upana wa makadirio yake (kutoka chini kabisa hadi juu kabisa inapoweza kuwa), si "ina maana kitakwimu" pekee.

Viwango vya WHO vya 2021 kwa PM2.5 ni mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24. NO2 ni 10 kwa mwaka. Usichukue usomaji wa dakika moja nyuma ya basi ukaulinganisha na kiwango cha siku. Mtu mmoja mwenye kujua akikuona, amekumaliza. Siku ihesabiwe tu kama kihisi kilifanya kazi angalau saa 18, maana stima ikipotea jioni, saa chafu ndizo zinazokosekana.

Na kama ulipima watoto mara moja tu, andika kuwa dalili zimeonekana zaidi karibu na barabara. Neno "zimesababishwa" liwaachie waliofuatilia watu kwa miaka.

Hatua ya 11: Rudisha majibu

Kila mwendesha boda apewe karatasi ya namba zake mwenyewe, na aliyeonyesha pumzi za kutia wasiwasi apelekwe zahanati siku hiyohiyo, asisubiri ripoti. Kisha kikao cha steji, si ukumbini. Sisi tulikaa kwenye benchi la fundi wa tairi, mchoro umechapishwa kwenye karatasi kubwa, tukasubiri wanywe chai. Swali la kwanza halikuwa kuhusu mapafu. Kijana mmoja aliweka kidole kwenye mchoro, pale mstari ulipopanda, akauliza: "Hii ni saa ya kuegesha upande gani wa barabara?" Kwa hiyo toleo la pili la karatasi lilikuwa na ramani ya steji, mshale wa upepo wa mchana na mwingine wa usiku.

Mama wa mahindi naye alipewa nakala. Alihamisha jiko mita chache, ng'ambo ya mtaro.